Kamusi ya Kisimani

Kijiji cha Ulemo,
S.L.P. 63,
Kiomboi, Iramba.

22 Juni 2024

Mpendwa Shangazi Agripina,

Shikamoo, Shangazi. Najua itapita wiki nzima kabla hujaitikia, kwa kuwa barua hii ina safari ya Singida, Dodoma na Iringa ndipo ikufikie huko Songea, lakini nimekuamkia kwanza kama ulivyonifundisha, kabla ya neno lingine lolote.

Jicho linaendeleaje? Binti yako Joyce alituarifu kwamba ulifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na kwamba daktari alikukataza kusoma kwa majuma matatu. Mama aliposikia hivyo alisema ni afadhali daktari angekukataza kula. Ndiyo maana nimeandika kwa herufi kubwa na kuacha nafasi pana kati ya mistari. Ukiona karatasi ni nyingi, ujue sababu ni jicho lako na si mdomo wangu peke yake. Na magoti je, katika baridi ya mwezi huu? Wajukuu wanaendelea vizuri na masomo?

Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mama ni mzima, na ule mgongo uliokuwa ukimlaza kitandani kila Jumapili sasa unamruhusu kwenda kanisani na kurudi bila kupumzika njiani. Sababu yake nitaieleza. Alizeti imekubali mwaka huu. Mtama umepungua kwa ajili ya ndege, lakini uwele umetosha, na ghala letu halijawa na sura nzuri namna hii tangu tumzike baba. Kuku wameongezeka hadi mama amekoma kuwapa majina.

Sasa nigeukie deni la maelezo. Katika barua yako ya mwezi wa pili uliniuliza swali ambalo nimelikwepa kwa miezi minne: vile vitabu ishirini na vitatu ulivyotutumia kwa basi mwezi Julai mwaka jana, vimesomwa na nani? Sikujibu kwa sababu jibu la kweli lilikuwa fupi mno. Sanduku lilikuwa chini ya kitanda changu, nami nilikuwa nimelifunga tena kwa kamba ileile uliyolifungia wewe.

Usidhani nilikuwa mvivu. Nilikuwa na hoja. Nilikusudia kuanzisha maktaba ya kijiji yenye rafu, daftari la wakopaji na mhuri, na niliona ni kuvidharau vitabu kuvitawanya kabla ya kuvijengea mahali. Niliandika hata kanuni. Kanuni za maktaba zilikuwa na vifungu kumi na saba, Shangazi, wakati maktaba yenyewe haikuwa na hata ubao mmoja.

Juu ya hayo nilikuwa na hoja ya pili, nzito zaidi, niliyotoka nayo chuoni na iliyonipatia alama za juu. Ulikwisha kuisikia nikiitoa mezani kwako, ukanitazama juu ya miwani. Kwamba mahitaji ya binadamu yamepangwa kama ngazi: maji na chakula viko chini, na mambo ya akili yako juu, wala hakuna awezaye kukanyaga kidato cha juu kabla hajakanyaga kile cha chini. Mwenye koo kavu hasomi. Kwa hiyo niliviacha vitabu chini ya kitanda kwa dhamiri safi, nikazipeleka nguvu zangu zote kwenye maji.

Unakikumbuka kisima cha korongoni. Ni shimo lililochimbwa mchangani, na maji yake hujikusanya taratibu kama jasho. Mwanamke huinama na kata yake ya kibuyu, huteka kidogo kidogo ili asivuruge tope, hujaza ndoo moja, kisha anayemfuata hungoja yajikusanye tena. Ndoo hupangwa kwa foleni, wenyewe hukaa kando. Mama alikuwa akitoka nyumbani baada ya chakula cha mchana na kurudi jua likiwa limeshuka. Maji yenyewe yalikuwa na chumvi, na watoto wa kitongoji chetu walikuwa wakiharisha kila mwanzo wa kiangazi kana kwamba ni ratiba ya serikali.

Mwanzoni mwa mwaka jana kamati ya maji ilinichagua kuwa katibu. Niliandika maombi ya kurasa sita kwenda wilayani, na sina haja ya unyenyekevu wa uongo: yalikuwa maandishi mazuri. Yalikuwa na takwimu, yalikuwa na mpangilio, na yalikuwa na sentensi moja niliyoipenda kuliko zote: "Wanawake wa kitongoji chetu wanapoteza saa nne kila siku kisimani."

Maombi yalikubaliwa. Kisima kirefu kilichimbwa, ikafungwa pampu ya umeme wa jua, na tarehe tisa Aprili bomba lilifunguliwa hatua mia mbili kutoka mlangoni petu. Nimezihesabu. Ndoo inajaa kabla hujamaliza kumsalimu uliyemkuta. Maji ni matamu, hayana rangi, na tangu siku ile sijasikia mtoto wa jirani akilia tumbo. Mama amepanda mchicha na nyanya mahali maji ya kuoshea vyombo yanapomwagika, nasi tunakula mboga mbichi mwezi wa sita, jambo ambalo baba hakuwahi kuliona hapa. Kwa yote haya namshukuru Mungu, nawashukuru mafundi, na najishukuru mwenyewe kidogo. Naomba uyashike haya moyoni unaposoma yanayofuata, maana sitaki udhani kwamba ninalilaumu bomba.

Siku ya ufunguzi mwenyekiti wa kijiji, Mzee Hezekia, alimsomea mgeni rasmi barua yangu kwa sauti. Nilikuwa nimesimama nyuma ya viti vya wageni, nikiyafuata maneno kwa midomo. Alipofika kwenye ile sentensi, wageni walitikisa vichwa kwa huruma, nami nikaona imefanya kazi yake.

Lakini upande wa akina mama ulizuka mnong'ono. Hapa, kama ujuavyo, watu husema "masaa manne," nami kwa kuwa nimesoma niliona aibu kuandika hivyo, nikaandika "saa nne" kama sarufi inavyotaka. Bibi Febronia, yule mzee wa kanisa anayekaa karibu na mashine ya kusaga, alimgeukia mwenzake akamwuliza ni saa nne ya asubuhi au ya usiku, maana yeye saa nne ya asubuhi huwa shambani na ya usiku huwa amelala, na hiyo wanayoipoteza kisimani hajaipata kuiona. Kicheko kilienea kutoka mkeka mmoja hadi mwingine. Nilicheka nami, kwa namna ya mtu anayewasamehe wasiojua. Mama hakucheka. Alikuwa anaitazama ndoo mpya aliyopewa na mradi kama mtu aliyepewa barua asiyoweza kuisoma.

Jioni ile aliniwekea ugali na mlenda, akakaa mbele yangu asile. Ndipo akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Kefa, hizo saa nne nilizipoteza wapi?"

Nilimweleza kuhusu matumizi ya "saa" na "masaa."

"Hayo nimeyaelewa. Nauliza hilo neno lingine. Nani alikwambia nilipoteza?"

Nilijibu kwa kirefu. Nilimkumbusha mgongo wake, tope, chumvi, foleni. Nilimwonyesha kwamba saa nne kwa siku ni sawa na siku sitini na zaidi kwa mwaka. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema mgongo wake unanishukuru sana, ila mgongo wake si yeye mzima. Kisha akaondoa vyombo. Nililala nikiwa na hakika kwamba nimeshinda.

Baada ya hapo mama alibadilika. Hukuwapo msiba wa baba ulipokuwa umeisha na watu wametawanyika. Ulikuwa umekwisha kurudi Songea. Kwa wiki nyingi alikuwa akiitikia salamu tu na hasemi neno la kwake. Sikuwahi kujiuliza ni nini kilichomrudishia sauti. Sasa, wakati maji yapo mlangoni, chakula kipo ghalani na mgongo umepona, nilianza kuiona hali ile ikirudi. Alikuwa akichota ndoo zake mbili asubuhi, anamaliza kazi kabla ya adhuhuri, kisha anakaa kwenye kigoda akiutazama uwanja. Nilimwambia apumzike, ndiyo faida ya maendeleo. Aliniambia amekwisha kupumzika.

Katikati ya Mei jirani mmoja alinitania njiani. Alisema, "Mama yako ana maji mlangoni na bado anayafuata korongoni, labda yale yako hayana chumvi ya kutosha." Niliona haya, Shangazi, haya ya katibu wa kamati ya maji. Siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, mama alichukua ndoo tupu akaondoka. Nilimwacha atangulie, nikamfuata nikiwa nimekwisha kuipanga hotuba yangu.

Niliwakuta wanawake wanne wamekaa kwenye ukingo wa korongo. Ndoo zao zilikuwa kando, kavu. Kisimani hakuna aliyeteka. Alikuwapo Bibi Febronia, alikuwapo mama, na katikati yao alikuwapo Luciana, yule aliyeishia kidato cha pili, mke wa Manase fundi baiskeli. Juu ya magoti yake alikuwa ametandika kanga, na juu ya kanga ilikuwapo kamusi yako.

Ndiyo, kamusi ya Kiswahili iliyokuwa katika lile sanduku. Nilijifunza siku hiyo kwamba mama alilifungua sanduku Agosti mwaka jana, akatoa kitabu kimoja, akalifunga tena kwa fundo lilelile. Hakujua ni kitabu gani. Alikichagua kwa uzito, akisema chembamba kingekwisha upesi. Nami, msomi wa nyumba, nililala juu ya sanduku hilo miezi tisa bila kutambua kwamba kitabu kikubwa kuliko vyote hakimo. Nadhani ni kwa sababu sikuwahi kufikiri kwamba mimi nahitaji kamusi.

Kwa miezi minane Luciana alikuwa akiwasomea ukurasa mmoja kwa siku wakati maji yanajikusanya. Kwanza nilitaka kucheka: nani asomaye kamusi kama hadithi? Lakini waliniambia wenyewe, wakipokezana, yaliyotokea mle, nami nilisahau hotuba yangu. Walipofika kwenye neno "kangara," ile pombe ya asali, Bibi Febronia aliyasahihisha maelezo ya kamusi kwa ufundi mkubwa, kiasi cha asali na siku za kuchachusha, hata wenzake wakamwuliza mzee wa kanisa amejifunzia wapi. Aliwajibu kwamba aliona kwa jirani. Wakamwuliza jirani gani, mwaka gani, na kwa kibuyu cha nani.

Na siku ya mwisho kabla ya bomba kufunguliwa walikuwa wamefika kwenye "kata." Luciana aliwasomea kwamba kata ni kutenganisha kitu kwa kisu, akaendelea, kata ni chombo cha kibuyu cha kutekea maji, akaendelea, kata ni duara la majani au kitambaa linalowekwa kichwani chini ya mzigo, akaendelea, kata ni eneo la utawala lenye vijiji kadhaa. Kumbuka, Shangazi, kwamba walikuwa wamekaa kisimani, kila mmoja na kata mkononi na kata kichwani, katika Kata ya Ulemo. Jua lilishuka bila mtu kusoma neno la pili. Walibishana kama ofisi ya kata iliitwa hivyo kwa sababu inateka au kwa sababu inabebeshwa, na tangu siku ile anayekwenda ofisini huulizwa kama amebeba kibuyu chake. Walikuwa kumi na wanne siku hiyo.

Kesho yake bomba likafunguliwa, na hawakukutana tena wote.

Nilisema jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angelisema. Niliwaambia bomba halijawazuia kusoma; kinyume chake, limewapa muda. Wakusanyike popote, wakati wowote. Luciana alinitazama kwa adabu, akainamisha macho. Mama ndiye aliyenijibu.

"Ukibeba ndoo hakuna anayekuuliza unakwenda wapi."

Alieleza bila haraka. Luciana akimwambia mkwewe kwamba anakwenda kusikiliza maneno, ataulizwa kama amemaliza kazi. Akisema anakwenda kufuata maji, hiyo yenyewe ni kazi. Kisima kilikuwa ruhusa yao. Kwenye bomba kila mtu hufika kwa saa yake, hujaza, hubeba, huondoka, na sasa kila nyumba inajua kwamba kuchota maji ni jambo la muda wa kuchemsha chai. Wale kumi hawakuacha kwa kutopenda. Waliishiwa sababu. Hawa wanne waliobaki walikuwa wanakuja na ndoo tupu kwa ujasiri, na tayari njiani walikuwa wanachekwa.

Nilitoa hoja yangu ya mwisho, ile ya ngazi. Niliwaambia kwamba hata hivyo maji yalipaswa kutangulia. Kwanza mwili, kisha akili. Mama aliniuliza kama naukumbuka mwaka ule mvua zilipokatika mapema. Naukumbuka. Nyumbani walikuwa wanakula mara moja kwa siku, nami nilikuwa chuoni nikila mara tatu na kuandika kuhusu njaa. Alisema mwaka ule hapakuwa na kitabu, lakini palikuwa na wenzake pale kisimani, na baba alikuwa hajatimiza mwaka kaburini. "Ningekaa nyumbani nikiitazama sufuria," alisema, "ungerudi ukanikuta nimeharibikiwa na kichwa." Bibi Febronia aliongeza kwamba walikuwa wanaulizana vitendawili na matumbo yao ndiyo yanaitikia.

Tulirudi nyumbani, mama na ndoo yake tupu, mimi na elimu yangu. Nilielewa kwamba katika kurasa zangu sita niliuhesabu mzigo wao kwa usahihi na nikaandika kitu chao cha thamani kuwa hasara. Hakuna aliyenidanganya, sikuwauliza.

Kosa nililijua, basi nikataka kulirekebisha kwa njia yangu. Nilileta zile kanuni kumi na saba, nikapendekeza darasa la akina mama kila Jumatano saa tisa katika chumba cha ghala la ushirika, kwa tangazo la serikali ya kijiji. Walinikatalia kabla sijafika kifungu cha tano. Bibi Febronia aliniambia, "Mjukuu wangu, ukilibandika ukutani, kila mwanamume atalisoma na atakuwa na la kusema." Nilibisha siku mbili. Nilishindwa siku zote mbili.

Ufumbuzi walioupata ni wao, nami nakuandikia kwa fahari kana kwamba ni wangu. Wakati wa kupiga alizeti ulikuwa umefika. Zamani kila nyumba ilipiga ya kwake. Safari hii walikubaliana kuzunguka, leo uwanja wa huyu, kesho wa yule. Asubuhi wanaipiga kwa fimbo, na hapo hakuna kinachosikika. Mchana huja kupepeta, na kupepeta kunahitaji upepo, na upepo wa mwezi huu huja unapotaka. Kwa hiyo wanakaa kando ya rundo, nyungo mapajani, wanangoja. Mwanamke anayengoja upepo yuko kazini. Hakuna mkwe wa kumlaumu. Luciana hufungua kamusi. Upepo ukija anaweka jani kwenye ukurasa, wanasimama, wanapepeta, ukitulia wanakaa.

Juzi walikuwa kwetu. Niliwahesabu kumi na saba, watatu wakiwa hawakuwahi kufika kisimani. Nilipewa ruhusa ya kukaa mlangoni kwa masharti mawili: nisimrekebishe Luciana anaposoma, na nisifafanue kitu bila kuulizwa. Nimekuwa katika mihadhara ya maprofesa, Shangazi, sijawahi kuwekewa masharti magumu namna hii.

Walikuwa wamefika kwenye "kiu." Luciana alisoma kwamba neno hili lina maana mbili: hali ya mwili kutaka maji, na hamu kubwa ya jambo lolote. Mwanamke mmoja mgeni aliuliza ni ipi kati ya hizo iliyotangulia. Kwa kuwa hilo ndilo swali nililolijibu kwa kurasa arobaini katika tasnifu yangu, niliinuka. Mama hakugeuka kunitazama. Alinyanyua mkono tu, nikakaa.

Akamwambia yule mgeni, "Mtoto mchanga akilia, humpi ziwa kwanza ashibe ndipo umwimbie. Unampa ziwa na unamwimbia hapohapo." Kisha akauliza kama kuna mtu anayesikia upepo, au ni masikio yake.

Sijapata jibu. Nimelitafuta kwa siku mbili, nami si mtu wa kukubali upesi, wewe unajua. Nimelazimika kuishusha ngazi yangu na kuilaza chini. Maji yanastahili kupiganiwa, na nitaendelea kuyapigania. Watu wa vitongoji viwili vya jirani bado wanateka mchangani. Ila sitaandika tena kana kwamba watu ni matumbo yanayongoja kujazwa ili baadaye wawe watu.

Kwa hiyo hapa ndipo shukrani zangu zilipo, na nimezichelewesha hadi uone uzito wake. Nakushukuru kwa kamusi. Nakushukuru kwamba hukumchagulia mtu kitabu kwa kumdhania. Mimi ningewachagulia akina mama kijitabu cha lishe chenye picha. Vile vingine ishirini na viwili vimetoka chini ya kitanda. Viko katika nyumba za watu, hakuna daftari, na kimoja kimekwisha kumwagiwa uji. Kanuni nimezitumia kuwashia jiko.

Jambo la mwisho. Wiki iliyopita kamati iliniagiza niandike taarifa ya mradi ipelekwe wilayani. Nilipokuwa nikiiandaa, akina mama walituma neno kwa Mzee Hezekia kwamba hakuna karatasi itakayotoka kijijini ikisema habari zao kabla haijasomwa mbele yao, na isisomwe na mwandishi. Alikubali mara moja. Nadhani aliogopa kuulizwa habari za kibuyu. Luciana aliisoma yote uwanjani. Ile sentensi ya zamani nilikuwa nimeirudia, nikiwa nimeweka "wanatumia" badala ya "wanapoteza," nikidhani nimemaliza. Walisema bado. Tulikaa juu ya neno hilo moja kuanzia upepo mmoja hadi mwingine. Mwishowe mama alisema niandike kwamba walikuwa wakingoja maji, na walipokuwa wakingoja walikuwa wakisema. Ndivyo ilivyoandikwa, na wilayani watadhani ni kosa la katibu kutotaja walikuwa wakisema nini. Nimeliacha.

Msalimie sana Joyce na mwambie nasubiri jibu la barua yangu. Wasalimie wajukuu wote, na Edward akumbushwe kwamba bado tunabishana. Baba mdogo Samweli wa Itigi amekuletea asali kidogo. Itakuja na mtu atakayesafiri mwezi ujao. Mchungaji na wazee wa usharika wanakuulizia. Bibi Febronia anakusalimu na anaomba usiambiwe habari za kangara.

Mungu alilinde jicho lako, akupe usingizi mwema na watu wa kuongea nao mchana. Ubaki salama, Shangazi.

Mimi mwanao nikupendaye na kukuheshimu,

Kefa

Haya yanayofuata ni ya mama. Ameyasema mwenyewe, nimeyaandika, na kabla sijafunga bahasha amemwita Luciana ayasome kwa sauti ili ahakikishe sijaongeza wala kupunguza:

"Wifi yangu Agripina, maji tunayo, chakula tunacho. Ugua pole. Hiki kitabu chako kikifika mwisho tutakianza tena, maana kule mwanzoni tulikuwa bado tunaogopa kukibishia."

Luciana amesoma. Mama ametikisa kichwa kukubali. Sasa nafunga.